Maziwa ya Mokoto

Picha iliingia kwenye simu usiku, saa za Goma. Kilima cha kijani, uzio wa mbao, ng'ombe wa mabaka meusi na meupe, na kando ya barabara kijana mwenye kofia ya majani makavu, mguu mmoja chini, mwingine juu ya chombo cha magurudumu mawili kisicho na pedeli wala kiti. Chini ya picha, dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa ameandika: "Kaka, ona chukudu!"

Dada anaishi Lancaster, Pennsylvania. Alifika huko baada ya miaka mingi ya kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kama Wakongomani wengi waliopelekwa Marekani. Yule kijana ni Muamishi. Waamishi wa Lancaster hawaendeshi gari, na hata baiskeli wanaikataa, kwani humfikisha mtu mbali na nyumbani upesi mno. Skuta ya kusukuma kwa mguu inakubalika. Kwa hiyo wao wana chao cha chuma na sisi tuna chetu cha mbao, chukudu, ambacho Goma tumekijengea hadi sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara.

"Hapa ni Masisi kabisa," akaongeza. "Ukungu tu ndio umekosekana."

Watalii huenda Lancaster kwa mamilioni kila mwaka kuangalia mashamba hayo, na walizidi baada ya filamu ya Witness kutoka mwaka 1985. Hununua jibini na jamu, hupanda kigari cha farasi, hupiga picha watu ambao dini yao haipendi wapigwe picha za uso, kisha hurudi mjini wakisema wameona dunia ilivyokuwa zamani. Nilimjibu dada kwa kicheko, nikaweka simu chini. Kisha nikaenda kutafuta daftari la safari yangu ya kiangazi cha 2019, kwa sababu nami niliwahi kuwa mtalii wa namna hiyo, saa mbili tu kutoka nyumbani kwangu.

*

Masisi huitwa Uswisi ya Afrika. Utalisikia jina hilo kwa wafanyakazi wa mashirika, kwa waongoza watalii, na kwa sisi wenyewe tukitaka kumsifia mgeni nchi yetu. Linachekesha kidogo, maana Waamishi nao asili yao ni huko huko Uswisi. Kundi lao lilijitenga mwaka 1693 chini ya Jakob Ammann, huko Uswisi na Alsace, ndani ya ukoo wa kanisa uliokuwa umeteswa na kufukuzwa toka bonde hadi bonde. Ndugu zao Wamenno walifika Kongo mwaka 1912, upande wa Kasai, na leo makanisa yao nchini ni miongoni mwa makubwa kabisa ya Kimenno duniani. Uswisi ile ya kwenye kalenda, ya kengele shingoni mwa ng'ombe, ilikuwa pia nchi ya watu kukimbizwa. Jina tulilopewa lina ukweli ambao aliyetupa hakuufikiria.

Mwaka ule wa 2019 sikwenda Masisi kwa ajili ya mandhari, au ndivyo nilivyojidanganya. Nilitaka kuifuata, kwa kukisia tu, njia ya msafara wa Gustav Adolf von Götzen. Wasomaji wa Tanzania wanamjua kama gavana wa Kijerumani wa wakati wa Vita vya Maji Maji. Miaka kumi na zaidi kabla ya vita hivyo alikuwa luteni kijana aliyeondoka Pangani, Desemba 1893, na wapagazi wa pwani. Akavuka Rwanda na kuonana na mwami Rwabugiri, akapanda Nyiragongo Juni 1894, akaliona Ziwa Kivu. Badala ya kurudi alikotoka, akaelekea magharibi, juu ya milima hii, kisha chini msituni kwa upande wa mto Lowa, hadi Kirundu kwenye Mto Kongo. Mwisho wa mwaka alikuwa Matadi, karibu na bahari ya pili.

Wapagazi wale ndio waliokuwa akilini mwangu. Lugha ninayoiandika sasa ilipita hapa ikiwa na mzigo kichwani, ikitokea mashariki, wakati Kiswahili kingine kilikuwa kimeshapanda kutoka Maniema na waungwana wa biashara ya pembe na watumwa. Mahali fulani kati ya Masisi na Walikale Viswahili hivyo viwili vilisalimiana. (Na wewe mtu wa pwani, ukisikia jina Walikale usidhani ni wali wa kale. Huko chakula ni ndizi na muhogo.)

Ukitoka Goma unaanza na mawe meusi. Barabara ya Sake inapita juu ya lava, na upande wa ziwa bado unaona mahali ambapo moto wa Nyamulagira wa mwaka 1938 hadi 1940 uliingia majini. Sake ni njia panda: kushoto Minova, kulia Kitchanga, mbele Masisi. Pale pikipiki inaanza kupanda, na kwa kila kona nguo unayovaa haitoshi. Ukifika Mushaki umeshavuka mita 2,000, na lile jani la kwenye picha ya dada limeanza.

Niseme kweli, ni pazuri. Vilima ni vya mviringo, vimepangana hadi macho yanachoka, na nyasi zake ni fupi kama zimekatwa kwa mkasi. Mistari ya mikaratusi inaigawa nchi vipande vipande. Wachungaji huvaa mabuti ya mpira, koti refu na kofia, fimbo wameipitisha nyuma ya shingo na mikono yote miwili imening'inia juu yake. Ng'ombe wa pembe ndefu wamechanganyika na wale wa mabaka wa Kizungu. Vijana wanashuka na chukudu zenye magunia ya viazi, goti moja juu ya ubao, kandambili iliyobanwa kwenye gurudumu la nyuma ikifanya kazi ya breki. Nilipiga picha. Mchungaji mmoja akanyoosha mkono, si kwa kuomba hela, bali kuuliza: "Papa, ile picha inaenda wapi?"

Sikuwa na jibu zuri. Nikamwambia Goma. Akafikiri kidogo. "Na mwenye ng'ombe anakaaka kule Goma," akasema, akaondoka zake.

*

Jibu lake lina historia ya miaka tisini. Ukiona vilima vimenyolewa namna ile usidhani Mungu ndiye aliyevinyoa. Sehemu kubwa ya Masisi ilikuwa msitu wa milima, nchi ya Wahunde, wakulima na wawindaji waliotawaliwa na machifu wao, bami. Mwaka 1928 wakoloni wa Kibelgiji waliunda Kamati ya Taifa ya Kivu, wakaipa mamlaka juu ya ardhi kubwa mno, ili walowezi waje kulima kahawa, chai na pareto. Hewa ilikuwa ya baridi, malaria kidogo, udongo wa volkano. Kilichopungua ni mikono. Upande wa pili wa mpaka, Rwanda, watu walikuwa wengi na njaa ilikuwa imewapiga. Kuanzia 1937 hadi 1955, kwa mpango ulioitwa Misheni ya Uhamiaji wa Wanyarwanda, serikali ya kikoloni iliwahamishia watu Masisi, wengi kupitia eneo la Gishari. Wanakadiriwa kufikia 85,000. Wengine wa lugha hiyo hiyo walikuwa Kivu kabla hata ya mzungu kuchora mpaka, na kuchanganya makundi hayo mawili, au kuyatenganisha, kumekuwa silaha ya kila mwanasiasa tangu wakati huo.

Basi msitu ukaanguka kwa shoka la mtu aliyeletwa, juu ya ardhi ya mtu ambaye hakuulizwa vya kutosha, kwa faida ya mtu wa tatu. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu akatangaza kutwaa mali za wageni, na mashamba ya walowezi yakaangukia mikononi mwa wakubwa wenye marafiki Kinshasa. Wengi wao waliona ng'ombe ni rahisi kuliko chai. Ng'ombe hahitaji vibarua mia, anahitaji kijana mmoja na uzio. Hapo ndipo malisho yalipotanda, na wakulima wadogo wakabanwa kwenye miteremko mikali. Uswisi yetu ilizaliwa ofisini. Sijasema si nzuri. Nasema umri wake ni umri wa bibi yangu.

Kwa hiyo mtalii anayesimama Mushaki na kusema "hapa wakati umesimama" amekosea kwa namna ile ile anayokosea yule wa Lancaster. Muamishi naye kila mwaka hukaa na wenzake kuamua ni chombo gani kipya waruhusu na kipi wakatae. Hakuna aliyesahaulika na wakati. Ni watu wanaoshindana nao kila siku, mbele ya macho ya wapita njia.

*

Niliacha njia ya Götzen kwa siku mbili, nikashika ile ya Kitchanga, kwa sababu ya jibini. Goma hakuna anayesema jibini. Tunasema fromaji, na fromaji ni ya Masisi. Kwenye kila duka imepangwa juu ya meza, miduara ya manjano yenye ganda gumu, ladha yake jirani na ile ya Gouda. Inasimuliwa kwamba mapadri wa Kibelgiji ndio waliofundisha watu, miaka ya 1970, na wanafunzi wakafundisha wana wao.

Karibu na Kilolirwe nililala kwa mzee mmoja mtengenezaji, nikaamka saa kumi na moja kumwangalia. Maziwa yalifika kwenye madumu ya plastiki ya manjano, mgongoni mwa vijana waliotembea gizani. Aliyamimina kwenye sufuria pana kupitia kitambaa, akayapasha juu ya moto wa kuni hadi joto la kidole, wala hakuwa na kipimo kingine. Akatia dawa ya kugandisha, inayotoka kwenye tumbo la ndama anyonyaye. Akafunika, akaenda kuswaki meno. Aliporudi maziwa yalikuwa yameshikana kama uji uliolala. Akayakata kwa kisu kirefu, huku na huku, vipande kama punje za mahindi, akamwaga maji ya juu, akaongeza maji ya moto, akakoroga kwa mkono wake hadi kwenye kiwiko. Kisha kwenye vikombe vya mbao, kitambaa ndani, jiwe juu. Kesho yake yataingia kwenye maji ya chumvi, halafu rafuni, kwa wiki kadhaa. Lita kumi za maziwa zinazaa kilo moja. Chumba cha rafu kilikuwa na giza na harufu ya miguu iliyolowana, naye alikuwa akipita humo kila asubuhi akigeuza kila mduara kwa mikono miwili, kama mtu anayegeuza mtoto mchanga kitandani.

"Ukisahau siku moja tu, inalala upande," aliniambia. Nikamuuliza kuhusu watalii. "Banakuyaka siku ya posho. Banapiga picha, banakula fromaji, banarudi." Jumamosi, kwa lugha ya kwetu, ni siku ya posho. Hakuwa na chuki nao. Walinunua, tena bila kupatana bei.

Alinionyesha ng'ombe wake watano. Kabla ya vita baba yake alikuwa na zizi zima. Alisema idadi, kisha akasema tena idadi nyingine kubwa zaidi, nikaona kwamba hesabu haikuwa jambo lenyewe.

*

Mbele ya Kitchanga kuna Mokoto. Kiswahili kimetufanyia mchezo hapo, kwani ukisema maziwa ya Mokoto hakuna ajuaye kama umetaja maji au kinywaji. Ni vyote viwili. Kuna maziwa madogo kati ya vilima, Ndalaha likiwa mojawapo, na mwaka 1954 juu yake wakaja kukaa watawa wa Kitrapisti kutoka abasia ya Scourmont, Ubelgiji, ile inayojulikana duniani kwa bia na jibini ya Chimay.

Kama kuna watu wa Kivu walio karibu na Waamishi, ni hawa. Vazi moja kwa wote, jeupe na kipande cheusi mbele. Maneno machache. Sala saba kwa siku, ya kwanza usiku wa manane, na katikati kazi ya mikono, kwa sababu kanuni ya Mtakatifu Benedikto inamtaka mtawa ale jasho lake. Walichagua kuwa mbali na dunia. Wageni walikuja kuwaona, maana kanuni hiyo hiyo inaamuru mgeni apokewe kama Kristo.

Na ni kwa sababu ya kupokea wageni ndipo Mokoto ikaingia kwenye kumbukumbu za watu ambao hawajawahi kuonja jibini. Tarehe 20 Machi 1993, kwenye soko la Ntoto, wilayani Walikale, mauaji yalianza. Wanyanga na Wahunde upande mmoja, watu wa lugha ya Kinyarwanda upande mwingine, ugomvi wa ardhi na wa nani ni raia ukiwa umechochewa miaka na miaka. Vita vikapanda hadi Masisi, maelfu wakafa. Mwaka uliofuata wakaja wakimbizi wa Rwanda, na pamoja nao wauaji wenye silaha. Watutsi wa Masisi waliokimbia makwao walikwenda kwa watawa. Tarehe 12 Mei 1996 wanamgambo walivamia monasteri na kuua waliokuwa ndani. Mamia. Watawa nao wakaondoka, jumuiya yao ikahamia Keshero, Goma.

Nilisimama juu ya kilima na kuyatazama maji. Yalikuwa ya kijivu, ukungu ukiteleza juu yake kama pazia lililovutwa na mtu asiye na haraka. Kijana wa pikipiki aliyenileta, aliyezaliwa baada ya yote hayo, aliniambia watalii hupenda sana kupiga picha mahali pale pale niliposimama. Sikuitoa simu. Sijui kama ulikuwa uungwana au aibu.

*

Nilirudi kwenye njia ya Mjerumani. Masisi kati, kisha Nyabiondo, na hapo barabara ikaniacha. Mvua isiyo ya majira yake ilikuwa imeondoa daraja, na mbele yake kulikuwa na kizuizi cha vijana wenye bunduki ambao dereva wangu hakutaka kujuana nao. Lakini kutoka pale uliona mwisho wa nyasi. Vilima viwili vya kijani, cha tatu kina mabaka, na cha nne ni msitu mtupu, mweusi, ukishuka kuelekea Walikale bila kukatika. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyokaa popote Mushaki. Ilikuwa kama kuona nguo iliyofumuliwa nusu, ukajua ilishonwa na nini.

Walikale nilifika mwaka uliofuata, kwa ndege ndogo. Kwa miaka mingi ndege za Goma zilitua Kilambo juu ya barabara yenyewe ya lami, askari wakizuia wapita njia kwanza, zikishusha bia, sabuni na mchele na kupakia mawe ya bati. Madini hayo yaligunduliwa Bisie mwaka 2002, yakabebwa kwa mgongo wa watu msituni kwa miaka mingi, hadi kampuni ya Alphamin ikaanza uzalishaji wa kiwandani mwaka 2019. Wilaya ya Walikale ina kilomita za mraba 23,475, karibu mara tano ya Masisi, na mtalii haendi. Hakuna mahali pa kusimama na kuona mbali. Msitu unakupa mita ishirini za mbele yako, na harufu.

Ni hapa Daniel Biebuyck alipomkuta Candi Rureke, mwaka 1956, akaandika kutoka kinywani mwake utenzi wa Mwindo, shujaa wa Wanyanga aliyezaliwa akitembea. Kazi hiyo, aliyoifanya pamoja na Kahombo Mateene, ilichapishwa 1969 na sasa inasomwa vyuo vikuu vya mbali. Rureke alikuwa mtu wa msitu. Malisho hayakuwa nchi yake.

Tangu safari zile njia zimefungwa. Kitchanga ilianguka mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2023. Rubaya, yenye migodi ya koltani, Aprili 2024. Masisi kati, Sake na Goma, zote Januari 2025. Machi mwaka huo waliingia Walikale kati, kisha wakatoka wiki chache baadaye. Ukiweka majina hayo kwenye ramani utapata njia yangu yote, na sehemu kubwa ya ile ya Götzen.

Sikumweleza dada hayo. Nilimtumia picha moja tu ya Walikale: baraza la nyumba ya miti, mzee wa Kinyanga ameshika kipande cha fromaji nilichomletea kutoka Goma. Mzee huyo aliniambia babu yake alikuwa akipanda mashariki kutega nyama kwenye vilima ambavyo leo ni vya ng'ombe, na kwamba alirudi na hadithi za baridi hata wenzake wakamwona mwongo. Aligeuza kile kipande, akakinusa, akauliza kama ganda nalo linaliwa. Wajukuu walionja na kutema, mmoja akakimbilia maji. Mzee alitafuna taratibu, kwa adabu, macho yake kwangu. Kilichobaki alikifunga kwenye jani, lile la kufungia chikwange, mkate wa muhogo, akakipachika juu ya mwamba wa paa moshi unapopita.

"Nitakiweka," alisema. "Akikuja mugeni, atakula."